Vitako Vitatu vya Bunduki Moja

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote nimewaambia wanafunzi kwamba kazi ya sanaa ina fani na maudhui. Wapo wenzangu waliofundisha kwamba fani ni kikombe na maudhui ni chai. Wengine walisema la, hizo ni pande mbili za sarafu moja. Mimi nilikuwa mtu wa sarafu, na niliwahi kununiana na mwalimu mwenzangu muhula mzima kwa sababu ya kikombe chake. Lakini msomaji akiniuliza ni wapi hasa nilipojifunza kuhakiki, sitamtajia darasa wala chuo. Nitamwambia kwamba nilijifunza kwa vitako vitatu vya bunduki moja, na kwamba ada ya somo hilo nusura iwe roho ya mtoto.

Bunduki yenyewe ni ya marisau, mitutu miwili sambamba, kaliba 12. Kwa wasiojua, hesabu hiyo ni ya zamani: ukiyeyusha ratili moja ya risasi ukatengeneza goroli kumi na mbili zilizo sawa, kila goroli itaingia barabara katika mtutu huo. Ilitengenezwa Birmingham, Uingereza, kwa mtambo wa namna ile iliyobuniwa mwaka 1875 na mafundi wawili, Anson na Deeley, ambayo mpaka leo huigwa duniani kote. Marehemu baba, aliyekuwa karani wa kupima pamba katika chama cha msingi cha ushirika, aliinunua kwa mzungu mmoja wa mgodini wakati mgodi wa Geita ulipofungwa mwaka 1966. Haikuwa bunduki ya fahari. Ilikuwa ya kufukuza nguruwe mwitu shambani na fisi zizini, na mara mojamoja, kwa kibali, ya kuleta kanga nyumbani.

Kitako cha kwanza kilikuwa cha mti wa jozi, mti wa Ulaya ambao mafundi wa bunduki huupenda kuliko yote kwa sababu ni mwepesi kiasi, haupindi ukikauka, na haupasuki kirahisi. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, tulihamishwa na vitu vyetu juu ya lori. Bunduki ikaanguka, na kitako kikavunjika shingoni, pale pembamba mkono unaposhika. Baba hakwenda kwa fundi. Alichinja ndama, akakata ukanda wa ngozi mbichi, akaunganisha mti kwa gundi ya seremala, akauzungushia ile ngozi ikiwa bado majimaji, akaishona kwa mshipa na kuiacha kivulini. Ngozi mbichi ikikauka hujikaza kama chuma. Sisi Wasukuma na jirani zetu Wanyamwezi tumefunga vitu kwa namna hiyo tangu zamani: mipini ya majembe, viti, mitungi iliyopata ufa. Mafunzo hayo baba hakuyasoma popote.

Ngozi ile ilidumu mpaka baba alipofariki mwaka 2003, yaani miaka ishirini na tisa. Nami nakiri kwamba katika miaka hiyo yote niliionea haya. Wageni wangu walipokuja kutoka mjini nilitamani bunduki iwe chumbani. Niliiona kama nguo yenye kiraka.

Tuliisalimisha polisi mpaka mirathi ilipokwisha na leseni ikaandikwa kwa jina langu, kama ilivyotakiwa na ile sheria ya silaha, Sura ya 223, ambayo sheria mpya ya mwaka 2015 imechukua nafasi yake. Jambo la kwanza nililofanya baada ya kuikabidhiwa lilikuwa kuipeleka kwa fundi wa mjini, mtu mwenye sifa, nikamwambia aitie kitako kipya. Aliniuliza nataka mti gani. Nikamjibu, mpingo. Aliniuliza nataka nakshi gani. Nikamwachia mwenyewe achague.

Msomaji, kitako kile kilikuwa kizuri. Sitaki kusema uongo kwa kuwa sasa nakichukia. Kilikuwa cheusi, kinang'aa mpaka ukajiona uso, na ubavuni alichonga twiga wawili waliopishana shingo, kazi safi ambayo ungeilipia pesa nyingi katika duka la vinyago. Nilikiweka sebuleni miezi miwili. Kila aliyekuja nilimwonyesha, na kila aliyeonyeshwa alisifu. Mimi mwalimu wa fasihi niliwaeleza wageni jinsi shingo za twiga zinavyofuata umbo la mti, na jinsi weusi unavyokamilisha chuma. Huo ulikuwa uhakiki wangu. Hakuna hata mmoja wetu, mimi wala wageni, aliyeinua bunduki ile akaiweka begani.

Ukaja usiku mmoja wa mwaka 2006. Fisi aliingia zizini, na mtoto wa dada yangu, wakati huo ana miaka kumi na mitatu, akatangulia kutoka na tochi. Nilipofika na bunduki, fisi alikuwa kwenye ua wa miiba, hatua ishirini na kitu hivi kutoka kwangu. Mtoto alikuwa kushoto kwake, mbali kuliko ninavyokumbuka nikiwa na hofu, karibu kuliko ilivyostahili. Nilifyatua. Fisi akatoroka mzima. Debe la maji lililokuwa karibu na miguu ya mtoto likatoboka matundu manne.

Hakuumia. Lakini sitausahau mlio wa yale maji yakichuruzika gizani, na sote wawili tumenyamaza.

Asubuhi niliona ufa katika kitako, umeanzia nyuma ya mtambo na kushuka shingoni, umepita katikati ya mguu wa twiga mmoja. Kwa miaka miwili sikuigusa tena bunduki ile. Ndipo mtu mmoja akanielekeza Kahama, kwa mzee aliyekuwa fundi wa silaha jeshini, aliyekwenda Vita vya Kagera na kurudi, na ambaye baada ya kustaafu alikuwa na leseni ya kutengeneza bunduki, ameitundika ukutani ndani ya fremu. Nilimwamkia, "Mwangaluka, mzee." Akaitika, akanipa kigoda, akachukua bunduki, akaifungua kuhakikisha haina kitu, akaangalia kitako kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, hiki ni kinyago kizuri."

Sikuelewa mara moja kwamba hiyo ilikuwa hukumu.

Aliniambia nisimame mbele ya kioo kikubwa, cha namna ile ya vinyozi, alichokitundika ukutani. Akaifungua tena bunduki, safari hii mbele ya macho yangu, nione mwenyewe kuwa ni tupu. "Tazama jicho lako la kulia kwenye kioo. Sasa fumba macho. Weka bunduki begani kama unavyoweka siku zote. Haya, fumbua." Nilifumbua. Nilichokiona kwenye kioo kilikuwa nusu ya jicho, tena pembeni. Jicho langu halikuwa juu ya utepe wa chuma ulio kati ya mitutu. Lilikuwa limezama chini yake, na limekaa kushoto. Akaniambia nirudie. Nikarudia mara tano. Kila mara jicho lilikuwa palepale pasipotakiwa.

Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo tangu hapo nimelieleza kwa watu wengi. Bunduki ya kijeshi ina alama mbili za kulengea, moja mbele na nyingine nyuma, nawe unazilinganisha. Bunduki ya marisau ina ushanga mmoja tu mbele, mdomoni mwa mtutu. Alama ya nyuma ni jicho lako mwenyewe. Na jicho huwekwa mahali pake na shavu, shavu huwekwa na kitako. Kwa hiyo kitako si mpini wa kushikia. Ni nusu ya shabaha. Kitako kikikaa vibaya, mlengaji hodari atakosea kila mara kwa kiasi kilekile, upande uleule.

Alichukua chaki akaniandikia hesabu juu ya benchi. Kutoka jicho mpaka mdomo wa mtutu ni sentimita 90 hivi. Umbali wa mita 20 ni zaidi ya mara ishirini na mbili ya hapo. Jicho likihama milimita 8 kushoto, marisau yatakwenda kushoto sentimita 18. Na kitako cha mpingo kilikuwa kimenyooka kama rula, wakati cha mtu wa mkono wa kulia hukunjwa kidogo kwenda kulia ili uso upate nafasi. Cha baba kilikuwa na mkunjo huo. Yule wa mjini hakuuona, au aliuona akadhani mti umepinda kwa uzee, akaunyoosha.

Kulikuwa na mengine. Kutoka kifyatulio mpaka mwisho wa kitako alipima sentimita 34, mimi nikiwa mtu wa mita moja na themanini na sita. Ukingo wa juu, pale shavu linapoegemea, ulikuwa chini mno, kwa hiyo ili nione chochote nililazimika kuinua uso, na bunduki ikipiga teke ikanikuta mfupa wa shavu. Mpingo ni mzito mpaka unazama majini. Ulifanya bunduki iwe nzito nyuma na nyepesi mbele, hivyo mdomo ukacheza. Tena mti wa mpingo haukui ukanyooka. Kupata kipande kirefu ambacho nyuzi zake zinafuata shingo ya kitako ni kazi kubwa, na yule fundi hakuitafuta. Nyuzi zilikatiza shingo, na mti hupasuka kwa kufuata nyuzi zake. Halafu akafungua skrubu, akatoa chuma, akanionyesha ndani. Chuma kiligusa mti mahali pawili tu. Teke lote la bunduki, ambalo lilipaswa kuenea katika uso mzima wa mti, lilikuwa linapiga ncha mbili kama patasi. "Nje amechonga kwa mwezi mzima," mzee akasema. "Ndani amechonga kwa nusu saa." Nikakumbuka methali ya mkakasi, ambao uzuri wake wote ndani ni kipande cha mti. Hapa hata kipande cha mti kilikuwa hakijakaa sawa.

Nikamsimulia habari ya fisi na mtoto. Nilitaraji atanipunguzia mzigo, atasema ni kosa la kitako. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, kitako kilikupeleka kushoto. Lakini mtoto alikuwa anaonekana, na marisau hutawanyika hata bunduki ikiwa nzima. Hilo la kufyatua si la fundi." Sijawahi kuhakikiwa kwa haki kama siku ile.

Kazi ilichukua siku kumi na moja. Hakuanza na mti. Alianza na mimi. Mafundi wa London wana bunduki ya kupimia yenye kitako cha bawaba, kinachorefushwa na kukunjwa kwa skrubu mpaka kimkae mteja. Mzee hakuwa nayo. Alichukua kitako cha baba, ambacho nilikuja nacho kwenye gunia sijui kwa nini, akakiunga na chuma, akaanza kukiongezea vipande vya kandambili nyuma na juu, akivifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kipande kimoja, kwenye kioo. Kipande kingine, kwenye kioo. Mpaka nikawa nafumbua macho na kulikuta jicho langu limekaa kitakoni juu ya ushanga, kama jua linavyokaa juu ya kilima. Akapima kila kitu akaandika: urefu sentimita 38, mkunjo milimita 8.

Ndipo akapanda darini na kushuka na ubao wa mninga uliokaa juu ya moshi wa jiko lake miaka tisa. Mninga hauchezi sana ukikauka. Ni mwepesi karibu sawa na jozi, na rangi yake ya kahawia yenye wekundu huongezeka uzuri kwa mafuta tu, bila vanishi. Siku hizi si rahisi kuupata ulionyooka. Miti mingi ya misitu ya Geita na Kahama imeishia kuwa makaa, na mingine imeshuka mashimoni kuwa matimba ya kuzuia udongo usiwaangukie wachimbaji. Kwa upande wetu wa Shinyanga miti ilifyekwa mapema zaidi, enzi za ukoloni, ili kufukuza mbung'o na kupanda pamba, hata ikabidi mwaka 1986 uanzishwe mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kuwarudisha watu kwenye ngitili za babu zao. Hekta zaidi ya 300,000 zilipata miti tena. Lakini ngitili ni ya malisho na kuni. Mninga wa kitako unataka umri wa mtu mzima.

Kuunganisha chuma na mti ndiko kulikochukua siku nyingi. Aliwasha kibatari, akakipitisha chuma juu ya moshi mpaka kikashika masizi, akakikandamiza ndani ya mti, akakitoa. Palipobaki weusi ndipo palipogusa. Hapo alikwangua kidogo kwa patasi, unga tu, kisha masizi tena. Nilihesabu mara arobaini siku moja nikachoka kuhesabu. Mwishoni masizi yaliacha alama kila mahali, nyembamba, sawasawa. Nyuma kabisa aliweka kipande cha tairi, kile cha makatambuga, ili kipunguze teke. Hakuchonga nakshi hata moja, isipokuwa mistari ya kukatizana shingoni ili mkono usiteleze.

Alinikataza pia risasi nilizokuwa nazo. Zilikuwa za milimita 70, na vyumba vya bunduki ile, kwa mujibu wa alama zilizopigwa chini ya mitutu, ni vya milimita 65. Risasi ndefu huingia, ila ikifyatuka mdomo wake hukosa nafasi ya kufunguka, na msukumo ndani hupanda. Alinionyesha mhuri wa Nyumba ya Majaribio ya Birmingham, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge la Uingereza mwaka 1813. Kule mtutu haupewi mhuri kwa kutazamwa. Hujazwa baruti kuliko kawaida, hufyatuliwa, na ukibaki mzima ndipo unapigwa alama.

Neno hilo nimelibeba. Huo ndio uhakiki, na mimi nilikuwa sijawahi kuufanya. Nilikaa miaka mingi nikiwafundisha watoto kuorodhesha tamathali za semi, mandhari na wahusika, kama mgeni anayehesabu twiga kwenye kitako. Sikuwauliza: shairi hili, ukiliweka begani, jicho lako linakaa wapi? Linabeba teke la jambo linalolisema, au limeligusa mahali pawili tu na litapasuka siku ya kwanza ya msiba?

Basi nitoe hukumu yangu kwa vitako vyote vitatu, kama mhakiki anavyotakiwa. Kitako cha mpingo ni kazi ya mtu mwenye mkono mwepesi na jicho zuri, ambaye hakumtazama atakayekitumia. Kosa si lake peke yake. Mimi niliagiza mti na nakshi, sikuagiza kitako. Mteja anayesifu mng'aro huwafundisha mafundi kung'arisha. Kitako cha mninga ni kazi kamili. Ukikiona hutasimama kukitazama. Ukikishika hutakumbuka kwamba umekishika. Tulipokijaribu kwa karatasi ya mfuko wa saruji, mita 15, katikati ya marisau ilikuwa juu ya alama ya chaki, si kushoto wala chini.

Na kile cha ngozi? Hicho ndicho kilichonichukua muda mrefu kukihukumu. Ukingo wa ngozi si nadhifu, mshono umekwenda upande, gundi imevuja. Lakini mti ulibaki mahali ulipokuwa. Baba hakubadilisha urefu, hakunyoosha mkunjo, hakugusa pale shavu lake lilipozoea. Alijua kipi kimevunjika na kipi kizima, akatengeneza kilichovunjika peke yake. Kwa miaka ishirini na tisa fisi walimwogopa.

Mzee alipomaliza nilimwomba akate kitako cha baba kiwe kibao cha kutundika ukutani, na kile cha mpingo akichome. Alikataa yote mawili. Kuhusu cha mpingo alisema mti wa mpingo hauchomwi kwa hasira, nikauze. Sikukiuza. Kiko shuleni, na kila mwaka nilikuwa nakipitisha darasani kabla sijataja neno fani, mpaka nilipostaafu. Kuhusu cha baba, alivua vile vipande vya kandambili kimoja kimoja, akakifuta masizi kwa kitambaa, akakiweka shavuni mwake. Kilimkaa. Naye alikuwa mtu mfupi, mnene wa shingo, kama marehemu.

"Vipimo vyake vimo humu," akasema, akanirudishia.

Mwanafunzi yule wa tochi sasa ni mtu mzima, ana ng'ombe wake. Mwaka juzi aliniuliza kama leseni yaweza kuhamia kwake nitakapokuwa nimechoka. Nilimwambia tutakwenda polisi tuulize utaratibu. Kisha nikamwambia asimame mbele ya kioo cha kabati, nikaifungua bunduki akaona ni tupu, nikampa. Aliweka kwenye bega la kushoto. Sikuwa nimewahi kulijua hilo, miaka yote hii. Mkunjo wa mninga wangu, uliokwenda kulia kwa ajili ya uso wangu, ulimsukuma jicho upande usiotakiwa.

Mzee wa Kahama alikwisha kufariki. Tunatafuta fundi.